Kikundi cha Ukoo: Kompyuta ya Kitinda

Mjomba Muscat: Asalaam aleikum nyote. Nimepata habari kwamba Kitinda amechaguliwa kusoma usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, nami nimefurahi kupita kiasi. Ahadi yangu iko palepale: kompyuta na vifaa vyake vyote viko juu yangu, na bei isiwe hoja. Hapa dukani nimeoneshwa laptopu ya inchi 18 yenye kadi ya michoro ya RTX 5090, na muuzaji anaapa kwamba hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo. Niichukue?

Kitinda: Shikamoo Mjomba. Nashukuru mno, Mungu akuzidishie. Kabla hujalipa, naomba tumsikilize Kaka Msanifu, kwa sababu yeye ndiye anayezitumia programu za kuchorea majengo kila siku.

Kaka Msanifu: Shikamoo Mjomba, shikamooni wakubwa wote. Mashine hiyo ni nzuri, na kadi ya michoro, yaani sehemu inayotengeneza picha, ina nguvu kubwa, ila si ya kubeba kila siku. Laptopu za inchi 18 za aina hiyo huwa na uzito wa zaidi ya kilo tatu, na chaja yake ni tofali ambalo peke yake hukaribia kilo. Wala chaja hiyo haiachwi nyumbani, kwa kuwa kadi ya michoro ikitegemea betri hupungua nguvu sana, na betri yenyewe haifiki mbali. Sasa mfikirieni mtu anayegombania daladala Mwenge asubuhi, bomba la michoro begani na modeli ya maboksi mkononi, isiyotakiwa kuguswa na abiria yeyote.

Mama: Basi si afadhali apate Mac? Binti wa jirani anayo, ni nyepesi, haina kelele, na huchajiwa usiku tu.

Kaka Msanifu: Shikamoo Mama. Angekuwa anasoma sheria au uhasibu nisingekuwa na neno. AutoCAD, ArchiCAD na SketchUp zina matoleo ya Mac, lakini Revit ya kuchorea jengo na Lumion ya kutolea picha zake zimetengenezwa kwa ajili ya Windows pekee, na sioni sababu ya kununua mashine ya bei kubwa kisha kuanza kutafuta njia za panya za kuendeshea programu mbili atakazozihitaji sana.

Shangazi Tanga: Kama fedha si tatizo, kwa nini asipewe mbili, kubwa ya mezani na nyepesi ya kubebea?

Kaka Msanifu: Shangazi, angekuwa anakaa nyumbani ningekuunga mkono mara moja, maana ya mezani hupoa vizuri, na kifaa kimoja kikiharibika unabadilisha hicho tu. Lakini atakaa bwenini, mahali ambapo soketi moja ina wenyewe wanne. RTX 5090 ya mezani inaweza kula hadi wati 575 peke yake, na ili umeme ukikatika kazi isipotee itahitaji UPS, yaani betri ya akiba ya nje, kubwa na nzito, ambayo nayo itampa muda wa kuhifadhi faili na kuzima tu. Laptopu ina betri yake ndani. Umeme ukikatika, yeye anaendelea kuchora.

Jambo jingine ni kwamba kadi kubwa haiharakishi kila kazi. Kuchora kwenye Revit hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa, na ni Lumion, anapotoa picha na video za jengo, inayodai kadi yenye nguvu. Kwa hiyo pendekezo langu ni laptopu ya inchi 16 yenye uzito wa kilo mbili na kitu, RTX 5070 Ti yenye kumbukumbu ya GB 12, na diski ya SSD ya TB 2. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya GB 32 ingemtosha, lakini aipate ya GB 64 sasa hivi, kwa sababu baadhi ya laptopu hizi RAM yake imechomelewa kwenye bodi na haiwezi kuongezwa baadaye.

Mjomba Muscat: Nimekuelewa, ingawa nakiri nilitamani apate ile kubwa. Fedha itakayobaki nifanyie nini?

Kaka Msanifu: Mnunulie skrini ya inchi 27 ya 4K yenye rangi za kuaminika. Ina upana wa karibu sentimita 60 na kimo cha takriban 34, hivyo karatasi ya A3 hukaa humo nzima kwa ukubwa wake halisi, na unene wa mistari anaweza kuukagua kabla ya kwenda kulipia uchapishaji. Mnunulie pia kiti cha maana, kwani mgongo wake utakaa studio hadi usiku wa manane, pamoja na diski mbili za nje: moja akae nayo, nyingine ikae kwa Mama. Programu za Autodesk, kampuni ya Revit na AutoCAD, asizinunue, kwani wanafunzi hupewa bure kwa mwaka mmoja na kuhuisha kila mwaka.

Mama: Diski nitaitunza. Ila mimi naogopa wezi kuliko umeme, kwa hiyo kufuli la kebo liwemo kwenye orodha.

Mjomba Muscat: Limo. Plagi za huku ni zilezile za pini tatu bapa, na betri nimehakikishiwa kuwa haizidi Wh 100 (saa-wati), kikomo cha kawaida cha ndege, kwa hiyo nitaingia nayo ndani ya ndege. Tatizo ni kibodi, ambazo nyingi huku zina herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida.

Kitinda: Herufi hazinisumbui kabisa, Mjomba. Naomba tu uulize kama dhamana inakubalika Tanzania.

Kaka Msanifu: Na uulize wati za kadi. Laptopu mbili zinaweza kuandikwa RTX 5070 Ti zote, kumbe moja imeruhusiwa kutumia wati 115 na nyingine imebanwa chini sana ili iwe nyembamba. Muuzaji akishindwa kukujibu, piga picha lebo ya boksi ionekane namba kamili ya modeli, uitume hapa, nami nitaitafuta kabla hujatoa hata riali moja.