Tupeane uzoefu: uliwahi kufuatilia huduma ya serikali mpaka ikanyooka? Ulianzia wapi?

Mwanakijiji Kusini

Wakuu habari za saa hizi. Kila siku tunalalamika, maji hakuna, dawa hakuna, mhusika katoka, njoo kesho, na malalamiko ni ya kweli kabisa. Ila wapo watu waliofuatilia jambo mpaka likakaa sawa na hao hawasimulii. Naomba leo tusimuliane. Hata ulioshindwa simulia, tusitaje ofisi wala mtu kwa jina, tueleze hatua tu, ulianza na nani, ukapeleka nini mkononi, ilichukua muda gani.

Naanza mimi.

Kijiji chetu kiko huku Nyanda za Juu Kusini, Tanzania, maji tunachota kwenye kituo cha pampu, ndoo ya lita 20 shilingi 50. Mwaka juzi pampu ikafa, tukaambiwa hela ya matengenezo hakuna kila kaya itoe 5,000. Tukatoa, ikatengenezwa, lakini mimi roho haikutulia maana hiyo 50 ya kila ndoo kazi yake si ndiyo matengenezo? Sasa inakwenda wapi?

Mke wangu anauza maandazi karibu na hicho kituo. Nikachukua daftari la hesabu la mtoto wetu wa darasa la tatu nikakaa pale kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 1 usiku, kila ndoo inayojaa napiga kistari, vinne vimesimama na cha tano kinavikata. Siku ya kwanza ndoo 312, yaani shilingi 15,600. Nikarudia siku ya soko na siku ya Jumapili, zote hazikushuka chini ya 280. Sikumwambia mtu.

Kazi ikawa kuupata mkutano. Sheria ya Serikali za Mitaa, ile ya Mamlaka za Wilaya ya 1982, inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi 3, na mjumbe wake ni kila mkazi mtu mzima wa miaka 18 kwenda juu, kwa hiyo si mkutano wa viongozi ni wetu sisi. Kwetu ulikuwa na zaidi ya mwaka haujaitishwa. Tukaandika barua kwa mwenyekiti nakala kwa mtendaji wa kata, watu 43 wakasaini, na sahihi tukazizungusha kwenye duara ili asijulikane nani kasaini wa kwanza. Wiki ya tatu mkutano ukaitishwa.

Mhasibu wa jumuiya ya watumia maji akasoma mapato, wastani wa siku shilingi 6,000. Nikanyoosha mkono nikaomba kusoma daftari la mtoto. Nilisoma mikono inatetemeka, sitaficha. Nilipomaliza kukawa kimya, mzee mmoja wa upande wa nyuma akasema soma tena taratibu. Nikasoma tena.

Hakuna aliyefungwa na sikutaka hayo. Msimamizi alibadilishwa, na tangu hapo kila Jumatatu karatasi inabandikwa mlangoni ofisi ya kijiji, ndoo ngapi, hela ngapi, imetumika nini. Baada ya miezi minne akaunti ilikuwa na laki 8 na kitu. Pampu ilipoharibika tena fundi aliitwa siku ileile, siku ya pili tukawa tunachota na hakuna kaya iliyochangishwa hata senti.

Ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikiwasilishwa bungeni tunabishana mabilioni wiki nzima na ni haki yetu, ila daftari la kijijini kwako umeshawahi kuomba ulione?

Mama Zai

Kaka hongera sana, mpaka nimesisimka.

Yangu ni ya zahanati. Mwanangu alikuwa na miaka 2, usiku homa imepanda anaanza kukakamaa, nikambeba tukapanda bodaboda. Kufika naambiwa dripu na sindano 7,000, nikatoa, mtoto anachemka huwezi kusimama kujadiliana, hela ikaingia mfukoni kwenye koti. Mtoto akahudumiwa akapata nafuu namshukuru Mungu. Sasa tumekaa kwenye benchi kunapambazuka, macho yangu yakatua ukutani kwenye tangazo limechoka rangi, huduma kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo ni bure. Nimepita mbele ya lile tangazo tangu nikiwa na mimba ya huyo mtoto na sikuwahi kulisoma!

Nikalipiga picha. Saa 2 mganga mfawidhi alipoingia nikamfuata kwa adabu nikamwambia daktari shikamoo, naomba risiti ya shilingi 7,000 niliyolipa usiku. Basi. Sikumtaja mtu, sikupaza sauti. Akaniuliza nimelipa kwa kontroo namba gani, ile namba ya malipo ya serikali, nikasema hapana nilitoa mkononi. Akanyamaza, akaingia ndani, nikasikia wanaongea, akarudi na hela yangu. Nikaipokea, nikamwomba iandikwe kwenye kitabu cha malalamiko maana nyumbani nina majirani wenye watoto. Hakupenda lakini aliandika na mimi nikasaini.

Baadaye ndio nikajua zahanati zina kamati ya usimamizi na wananchi wana wawakilishi mle, na mmoja ni jirani yangu wa nyumba ya tatu, tunaazimana chumvi miaka yote sijui kama ni mjumbe! Sasa hivi kila wakikaa kikao namuuliza mmeongea nini, dawa zimefika? Na ananijibu.

Mtu wa Masjala

Nimefanya kazi masjala miaka 26, nimestaafu. Niwape ya upande wa ndani kwa sababu wengi mnapoteza haki zenu mlangoni.

Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa kiofisi haipo. Mwananchi anakuja na barua moja ameiandika vizuri, anaikabidhi kwa yeyote aliyemkuta, anaondoka. Ikipotea hana ushahidi hata wa kuomba itafutwe. Njoo na kopi mbili, moja acha, ya pili igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe, hiyo ni yako kaa nayo. Ndani ya barua weka namba ya simu na jambo MOJA unaloomba, ukiweka mambo matano kila idara itasema hilo si langu na faili litazunguka kwenye meza mpaka kona zijikunje.

Pili, ukiambiwa njoo wiki ijayo, muulize kwa upole jina lake na faili lipo kwa nani kwa sasa, andika mbele yake. Nimeona mwenyewe watu wakifanya hivyo, faili lililosemekana halionekani linaonekana jioni ileile.

Tatu, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ukiomba taarifa kwa maandishi ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Wachache sana wanaitumia. Ukiandika "naomba taarifa hii kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa" hata mkuu wa idara anasoma mara mbili. Na ukiombwa rushwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana 113, simu ya bure.

Lakini na mimi niwaombe kitu. Kuna siku nilikuwa peke yangu pale, napokea barua, natafuta mafaili, nashika simu, na foleni imefika nje kwenye mwembe. Mtumishi mmoja anafanya kazi ya watatu. Ukimkuta hivyo usimtukane, muulize upungufu umeripotiwa kwa nani, huyo ndiye wa kumwandikia.

Kijana wa Kota

Mleta mada hukuogopa? Kwetu ukiuliza mapato na matumizi unaitwa mpinzani na mchango wa kitu chochote ukija unaanziwa wewe

Mwanakijiji Kusini

Niliogopa mkuu, mke wangu aliogopa zaidi. Ndio maana ya zile sahihi za duara. Afu nilihakikisha sisemi "mmeiba" hata mara moja, nilisoma idadi ya ndoo tu, nikakaa. Wa kuuliza maswali walikuwa wengine.

Binti wa Mwalimu

Mimi nilishindwa, naandika nikiwa na uchungu.

Baba alifundisha shule ya msingi miaka 34. Alipostaafu nyaraka za mafao zikakosa moja, barua ya kuthibitishwa kazini, ya miaka ya themanini huko. Nakala yake ilikuwa kwenye sanduku ikaliwa na mchwa. Mwajiri anasema faili ni la zamani lilihamishwa wilaya ilipogawanywa, wilaya mpya wanasema halijafika kwao. Baba akawa anavaa suti yake ya kaki anapanda basi la alfajiri, nauli kwenda na kurudi 12,000, anarudi jioni anakaa kwenye kigoda cha nje hasemi kitu. Nikimuuliza anasema wamesema wiki ijayo. Mara 9 alikwenda. Hana muhuri hata mmoja, hana jina la mtu, ana tiketi za basi tu amezihifadhi kwenye bahasha.

Mwaka huu miguu imevimba haendi tena. Nikisoma hapo kwa mzee wa masjala nimejua mara zote 9 kwenye karatasi ni kama hakuwahi kwenda.

Mkenya wa Pwani

Poleni sana dada. Huku kwetu pia ni hivyo hivyo, niwape la kwangu.

Wadi yetu ilijengewa zahanati ya kaunti, ukisoma ripoti imekamilika asilimia mia. Ukweli ni kuta na madirisha yasiyo na vioo, mbuzi wanalala ndani. Katiba yetu ya 2010 inataka wananchi washirikishwe kabla bajeti kupitishwa, lakini hivyo vikao tulikuwa hatuendi, ama tunaenda kwa sababu ya soda na nauli. Mwaka ule tulienda kina mama 20 na vijana kadhaa, tumebeba picha tumezichapisha kubwa, moja ya ukurasa wa ripoti na nyingine ya mbuzi, tukaziinua tu zote mbili pamoja. Afisa akasema ataangalia. Tukamwandikia barua ya kuomba nakala ya kandarasi na cheti cha malipo, sheria yetu ya habari, na yenyewe ni ya 2016, inawapa siku 21. Walikawia, tukaandika kwa Tume ya Haki ya Utawala, nakala ikaja. Fundi akarudi kwa kazi mwezi uliofuata. Muuguzi tumepata mmoja, vyoo bado, hatujaacha kuuliza.

Mtu wa Masjala

Binti wa Mwalimu usikate tamaa, hilo la faili kupotea kwenye kugawanya wilaya nimelishughulikia mara nyingi. Mafaili yanapohamishwa huandikwa orodha ya makabidhiano na pande zote mbili husaini. Usiombe faili, omba ORODHA YA MAKABIDHIANO. Andika kwa mkurugenzi wa wilaya ya zamani, nakala kwa wa wilaya mpya na kwa Katibu Tawala wa mkoa. Weka cheki namba ya baba, yaani namba yake ya utumishi kwenye mishahara, hati zake za mishahara kama zipo hata mbili tatu, na barua za uhamisho. Mtu hapandishwi daraja kama hajathibitishwa kazini, kwa hiyo barua yoyote ya kupandishwa daraja inambeba. Uliza pia kwenye shule alizofundisha, walimu wakuu wa zamani walikuwa wanatunza nakala.

Na baba asiende yeye, akuandikie barua ya kukuruhusu.

Binti wa Mwalimu

Mzee Mungu akubariki. Nimefungua sanduku sasa hivi, ipo ya kupandishwa daraja mwaka 1991, imechanika pembeni ila namba ya kumbukumbu na sahihi vinasomeka. Baba ameishika ameisoma yote kwa sauti.

Kopi nimetoa nne. Jumatatu napanda hilo basi la alfajiri, nikigongewa muhuri nakuja kuwaambia hapa.