Karatasi ya Dawa za Mama

Dada Mkubwa (saa 1:05 usiku)
Habari za jioni, ndugu zangu. Mama ameruhusiwa tangu juzi, na amerudi na vipeperushi vinne vya maelezo pamoja na dawa za aina tano. Vipeperushi vyenyewe vimechapwa kwa herufi ndogo za bluu kwenye karatasi inayong'aa, hata mimi mwenye miwani nilivipeleka dirishani ndipo nikavisoma. Ninapendekeza tumwandikie karatasi moja ya Kiswahili chepesi, ibandikwe karibu na kitanda chake, na Jumamosi mmoja wetu akae naye amweleze. Kila mtu aseme atafanya nini kabla ya saa tatu.

Dada Mkubwa (saa 2:18 usiku)
Watu kumi na mmoja wamesoma ujumbe wangu. Hakuna aliyejibu.

Kitindamimba (saa 2:20 usiku)
Dada, ulisema kabla ya saa tatu. Tunazo dakika arobaini za kunyamaza kihalali.

Shemeji (saa 2:24 usiku)
Kuchapa niachieni mimi. Nielezwe ukubwa wa herufi tu.

Dada Mkubwa (saa 2:27 usiku)
Ahsante, shemeji. Zisipungue 14, zikifika 16 ni bora zaidi, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Usiandike sentensi nzima kwa herufi kubwa, maana maneno yote hupata umbo moja na jicho huchoka upesi. Bluu na kijani usizitumie kutofautishia dawa, kwa sababu lenzi ya jicho la mzee huelekea umanjano na rangi hizo humchanganya.

Kaka (saa 2:31 usiku)
Vipeperushi vya hospitali vina kosa gani? Siku ile ile aliyotoka nilimsomea Mama bahasha zote kwa simu, moja baada ya nyingine, akasema sawa.

Dada Mkubwa (saa 2:32 usiku)
Kile kidonge cha kupunguza maji mwilini ulimsomea nini?

Kaka (saa 2:34 usiku)
Nilisoma kilichoandikwa: kimoja 8:00, kimoja 14:00. Saa nane na saa kumi na nne.

Kitindamimba (saa 2:35 usiku)
Saa kumi na nne! Kaka, saa hiyo imetundikwa kwenye ukuta wa nani? Ninaomba kuiazima, kwa kuwa kazi zangu hazienei katika hizi kumi na mbili.

Shemeji (saa 2:36 usiku)
Nadhani ndiyo saa aliyofika nayo kwenye harusi yetu.

Dada Mkubwa (saa 2:41 usiku)
Ninaomba utani usimame. 8:00 ni saa mbili asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana. Mama amekuwa akimeza cha kwanza saa nane mchana, na kwa vile saa kumi na nne haijui, cha pili anakimeza akienda kulala. Jana usiku aliamka mara nne kwenda msalani, na mara ya mwisho nilimkuta ameshikilia mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akisema nyumba inazunguka. Cha pili humezwa mapema mchana ili mkojo umalizike kabla ya kulala. Mzee mwenye dawa kama hizo akiinuka ghafla presha inaweza kushuka, akaanguka hapo hapo na kuvunjika nyonga. Inampasa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ikiwa chini, mpaka kichwa kitulie.

Kaka (saa 2:46 usiku)
Bahasha hiyo sikuiandika mimi. Kila kinachoharibika katika familia hii hutafutwa kwangu kwanza.

Dada Mkubwa (saa 2:48 usiku)
Sikutaka kulisema, lakini karatasi ya Baba pia ulikabidhiwa wewe, na tuliiona siku ya nane.

Kaka (saa 2:49 usiku)
Basi tuseme na aliyezima simu usiku ule ni nani.

Mama Mkubwa (saa 3:22 usiku)
Wanangu, habari ya karatasi ya Baba yenu niliifunga mimi, na sitaki ifunguliwe humu. Leo nimeshinda na mdogo wangu. Alijua fika kwamba saa kumi na nne haipo, ila aliona haya kumuuliza mwanawe mara ya pili baada ya kukwisha kusema sawa. Mnamsomea mbio mbio, halafu mnamuuliza kama ameelewa. Mzazi gani atawajibu kwamba hakuelewa? Atakayekwenda Jumamosi amweleze taratibu dawa moja, kisha amwombe yeye aseme kwa maneno yake ataimeza lini, na akisahau atafanya nini. Akikosea, aliyekosea ni mwelezaji, aanze upya.

Kaka (saa 3:58 usiku)
Shikamoo, Mama Mkubwa. Nimekusikia.

Mama Mkubwa (saa 4:01 usiku)
Marahaba.

Binamu Muuguzi (saa 4:47 usiku)
Samahanini, nilikuwa zamu. Hayo ya Mama Mkubwa sisi tulifundishwa darasani, na bado tunayasahau wodini. Asimeze kidonge cha maji usiku huu, na kesho asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Wekeni dawa zote mfukoni, hata zile za zamani zilizomo kwenye droo, zipelekwe kwa mfamasia azikague. Parasetamo hujificha ndani ya dawa za mafua zenye majina mengine, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24. Mzee aliyekonda huenda akapangiwa chini ya hapo. Pia andikeni karatasi ya pili kwa anayemlea, yenye dalili za kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo haina haja ya kubandikwa kitandani, itamtisha.

Dada Mkubwa (saa 4:52 usiku)
Cha usiku huu nimekizuia, na mfamasia nitampigia asubuhi. Nani atachukua mfuko? Nani atakaa naye Jumamosi?

Kaka (saa 5:03 usiku)
Mfuko nitauchukua mimi. Jumamosi nitaangalia ratiba ya kazi.

Kitindamimba (saa 5:09 usiku)
Nimejaribu kuandika bila kutaja saa: "Kidonge cheupe cha mviringo cha kupunguza maji. Kimoja baada ya kuamka na kupiga mswaki. Kimoja baada ya chakula cha mchana. Usimeze usiku." Shemeji, nimekutumia.

Binamu Muuguzi (saa 5:12 usiku)
Ni maneno mazuri, lakini rangi na umbo hubadilika kiwanda kikibadilika. Tena cha presha nacho ni cheupe?

Dada Mkubwa (saa 5:15 usiku)
Nimeviweka kiganjani sasa hivi. Vyote viwili ni vyeupe vya mviringo, kimoja tu kina mstari katikati. Shemeji, usichape kwanza. Na jina la Jumamosi sijalipata.

Shemeji (saa 5:31 usiku)
Nimekwisha kuchapa nakala sita.