Distro yetu imejengwa juu ya Debian 12: kutoka hapa tuelekee wapi?

langoni_pc

Salaam nyote. Hapa Amu (Lamu) tuna distro ndogo ya jamii (toleo letu la mfumo wa Linux) iliyojengwa juu ya Debian 12 kwa zana ya live-build: eneo-kazi la Xfce, Kiswahili tangu skrini ya kuingilia, na programu za shule. Imo kwenye maabara za shule, madrasa kadhaa na saiba, kuanzia Langoni na Mokowe hadi Siyu na Faza. Tunatoa ISO (faili za kusakinishia) mbili, i386 ya biti 32 na amd64 ya biti 64. Kerneli, kiini cha mfumo, tunaijenga wenyewe, na hazina yetu ya vifurushi inatiwa sahihi kwa ufunguo wetu. Wajenzi ni wawili, na mmoja anaondoka mwaka huu.

Usaidizi wa kawaida wa Debian 12 unakoma 10 Juni 2026, kisha LTS (usaidizi wa muda mrefu) hadi 30 Juni 2028. Tuhamie 13 sasa au tukae na LTS? Mashine za biti 32 tuzifanyeje, maana Debian 13 haina tena kisakinishi wala kerneli ya i386? Kuna vijana wanataka tuwe na eneo-kazi letu wenyewe. Nyingi ya mashine hizi zina RAM ya GB 2, na visiwani masasisho yanapelekwa kwa flashi.

fundi_mokowe

Anzeni na biti 32, ndiyo inayoamua mengine. Kwanza jueni ni ngapi zenye prosesa ya biti 32 kweli. Mara nyingi mashine ni ya biti 64, ila iliwekewa i386 kwa kuwa RAM ni ndogo.

`lscpu | grep op-mode`

Ikijibu "32-bit, 64-bit", inakubali amd64. Core 2 Duo zinakubali, Atom N450 pia. Core Duo ya 2006, Pentium M na Atom N270 hazikubali. Mtego uko kwenye Atom za Bay Trail kama Z3735: prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI, programu inayowasha mashine, ni ya biti 32. ISO isiyokuwa na grub-efi (kiwashio) ya ia32, yaani ya biti 32, haiwaki hata kidogo, na fundi anaishia kuitupa mashine nzima.

Aliye kwenye i386 asibadilishe hazina kuwa trixie (ndiyo Debian 13) halafu apige `full-upgrade`. Atabaki na kerneli ya zamani isiyopata viraka. Nakili /home, sakinisha amd64 upya, rudisha. Zile chache zisizoweza ziachwe kwenye 12 bila ahadi yoyote. LTS yenyewe hubeba aina chache tu za prosesa, kwa hiyo hakikisheni i386 imo kabla ya kumwambia mwalimu mkuu lolote. Mashine isiyo na viraka iandikie barua na kufundishia chapa, isikae saiba.

pwani_deb

Eneo-kazi jipya, hapana. Watu wawili hawawezi, na mmoja hawezi zaidi.

Na kerneli yenu iacheni pia. Shim ya Debian, programu ndogo inayotangulia kuwaka, imetiwa sahihi na Microsoft, na kerneli ya Debian imetiwa sahihi kwa ufunguo ambao shim hiyo inaujua. Kerneli mliyoijenga wenyewe haimo kwenye mnyororo huo, kwa hiyo kila mashine mpya lazima mtu azime Secure Boot (ukaguzi wa sahihi wakati wa kuwaka) au asajili ufunguo wenu kwa mkono. Tena kila tundu la usalama likitangazwa, kazi ya kujenga upya ni yenu. Kama sababu ilikuwa WiFi, dawa ni `firmware-iwlwifi` na `firmware-realtek` kutoka non-free-firmware, ikishindikana chukueni kerneli ya backports (hazina ya matoleo mapya zaidi).

Mwelekeo ninaouona mimi ni kupunguza. Distro iwe vifurushi vitatu: kimoja cha mipangilio, kimoja kisicho na kitu ila orodha ya vitegemezi vya programu za shule, na kimoja cha ufunguo. ISO iwe tu njia ya kuvifikisha. Jaribio lake ni hili: sakinisha Debian 13 tupu, ongeza hazina yenu, `apt install` hivyo vitatu. Matokeo yakitofautiana na ISO, basi kuna kitu kimejificha ndani ya `config/includes.chroot` au kwenye hook (skripti ya live-build), na hicho hakitaifikia kamwe mashine iliyokwisha kusakinishwa.

Angalieni hasa /etc/skel. Kilichomo humo hunakiliwa akaunti inapofunguliwa, basi. Mwanafunzi mwenye akaunti tangu mwaka jana hatakiona. Mipangilio ya Xfce iwekeni kwenye saraka yenu na muitaje mwanzoni mwa XDG_CONFIG_DIRS. Mkijaribu kufunika faili ya /etc/xdg ambayo ni ya kifurushi kingine, dpkg itagoma na kusema "trying to overwrite".

CrunchBang, distro nyingine iliyojengwa juu ya Debian, mwenye nayo aliiacha Februari 2015, na watumiaji wakaiendeleza kama BunsenLabs. Iliwezekana kwa sababu chini yake palikuwa Debian, na juu palikuwa na mipangilio ambayo mtu mwingine angeweza kuisoma na kuishika.

langoni_pc

Ahsante. Kuhusu flashi: tunanakili mirror (nakala ya hazina ya Debian) kama ilivyo. Msimu wa kusi boti zikichelewa, ikifika Kizingitini apt inakataa ikisema Release, faili ya orodha ya hazina, imepitwa na wakati.

hazina_tupu

Hiyo ni Valid-Until. Release ya security hupewa uhai wa takriban wiki moja, ili mtu asikulishe orodha ya zamani. Ile ya trixie yenyewe haina kikomo, ndiyo maana mnaona sehemu moja inapita na nyingine inagoma. Mnaweza kuandika `Check-Valid-Until: no` kwenye .sources ya flashi, lakini njia safi ni aptly, zana ya kutengeneza hazina, kwa kuwa Release inakuwa yenu na sahihi yenu:

1. `aptly mirror create` mara tatu: trixie, trixie-updates na trixie-security, amd64 peke yake.
2. Ile ya trixie ichujeni kwa `-filter` yenye majina ya vifurushi mnavyotumia, pamoja na `-filter-with-deps`. Ya security msiichuje hapa. Siku ambayo jina mliloliandika halimo, mtapata mirror tupu bila onyo.
3. `aptly mirror update`, kisha snapshot (picha ya hali ilivyo) ya kila moja.
4. `aptly snapshot merge -latest`, ndipo `aptly snapshot filter -with-deps` kuondoa ya ziada.
5. `aptly publish snapshot`. Mara zinazofuata ni `aptly publish switch`.

Kupeleka kwenye flashi ya FAT32: `rsync -rtL --delete --modify-window=1`. Msitumie `-a`, FAT haina mmiliki wala ruhusa na mtajaziwa makosa skrini nzima. Bila `--modify-window` rsync inaweza kunakili kila kitu upya, kwa kuwa FAT hupima muda kwa hatua za sekunde mbili.

Kwenye mashine, flashi iunganisheni /mnt/ghala. Ikijifungua yenyewe chini ya /media/jina, ruhusa ni ya mtumiaji huyo tu na `_apt`, akaunti ambayo apt hupakulia, hasomi kitu.

fundi_mokowe

Mengine ya 13 kwa mashine hizo za GB 2. /tmp sasa iko kwenye RAM, na inaweza kula hadi nusu yake. Mtu akifungua faili kubwa iliyobanwa, mashine inaganda. `systemctl mask tmp.mount` iwe ndani ya kifurushi cha mipangilio, pamoja na zram-tools (swap iliyobanwa ndani ya RAM) yenye ALGO=zstd na PERCENT=50. Walio na /boot kwenye sehemu yake ya diski wapime kwanza: Debian inataka angalau MB 768, na karibu MB 300 ziwe wazi. Ndogo zaidi ya hapo, kusasisha kutakwama katikati wakati initramfs (faili ya kuwashia) inajengwa.

Na betri za CR2032, za saa ya mashine, kwa hisani yenu. Ikifa, umeme ukikatika saa inaweza kurudi nyuma, apt ikasema Release "is not valid yet" na tovuti za https zikakataa. Bila intaneti timesyncd, inayosawazisha saa, haina pa kuuliza. Bebeni betri boti moja na flashi.

pwani_deb

Naongeza la ufunguo, kwa vile mmoja anaondoka. Ufunguo mkuu usikae kwenye seva. Uwe kwenye flashi mbili, moja Amu na moja Pate, pamoja na cheti cha kuubatilisha kilichomo `openpgp-revocs.d`. Seva ipewe ufunguo mdogo tu:

`gpg --quick-add-key ALAMA ed25519 sign 2y`

(ALAMA ni alama ya kidole ya ufunguo mkuu), kisha `gpg --export-secret-subkeys`. Ufunguo mdogo mpya utangulie ndani ya kifurushi cha ufunguo miezi kadhaa kabla ule wa zamani haujaisha. Ukichelewa, kila mashine itakataa sahihi kwa kuwa ufunguo umekwisha muda, na haitapokea hata hicho kifurushi cha kuitengeneza, mtazunguka kisiwa kwa kisiwa. Tena apt ya 13 hukagua kwa sqv, kikaguzi cha sahihi, na tangu 1 Februari 2026 inakataa sahihi za SHA-1, mbinu ya zamani. Ufunguo wenu ukiwa wa zamani sana, ujaribuni kwenye mashine moja kwanza.

Mkiweza, hamieni shule zikifunga Aprili, huyo anayeondoka angali yupo. ISO ya kwanza ya 13 aijenge yule anayebaki, peke yake, kwa maelezo yaliyoandikwa tu. Akikwama mahali, hapo ndipo penye pengo kwenye maelezo.