Madalali wa nyumba Dar, mnapangisha nyumba au mnauza utalii?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Natafuta chumba, sebule, jiko na choo ndani, kuanzia Sinza mpaka Makumbusho, bajeti 300,000 kwa mwezi. Kabla hata hujaliona geti, dalali anataka 20,000 "ya kuonyeshwa". Hairudi hiyo. Upende nyumba usiipende, imeliwa.

Sasa pigeni hesabu. Akizungusha watu watano kwa siku kwenye nyumba ileile, jioni ana laki mfukoni na nyumba bado iko wazi. Ana haraka gani ya kuipangisha? Ikipata mtu, anachukua kodi ya mwezi mmoja na mrija umekatika. Ndiyo maana wanakupeleka kwenye magofu wanayojua fika hutayachukua.

Mfano Sinza. Kwenye picha marumaru zinang'aa, jipsamu, makabati ya jiko. Nafika, kumbe picha ni za upande anaoishi mwenye nyumba! Upande wa kupangisha ukuta umeliwa na chumvi mpaka usawa wa kiuno, rangi ukiigusa inabaki mkononi, na mlango wa choo unafunguka nusu tu kwa sababu unagonga sinki. Nauliza maji, najibiwa "maji hapa siyo ishu, bosi". Nafungua bomba, linatoa upepo. LUKU ya umeme ni moja kwa wapangaji wote, mnachangishana. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo kodi ya mwenye nyumba tunamlipia sisi, na sijaona anayeipunguza kwenye pango.

Nikapata moja ya maana Kijitonyama. Hapo sasa ukaanza usaili. Umeoa? Mke yuko wapi? Watoto wangapi? Unasali wapi? Mama mwenye nyumba anahoji, dalali pembeni anachezea simu. Wakataka nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya mwajiri na mdhamini. Nikapeleka vyote. Kodi ya miezi 6 kwa mkupuo 1,800,000, ya dalali 300,000, jumla 2,100,000 na hujanunua hata pazia. Nikasema sawa, kesho nalipa.

Asubuhi simu inaita: "Kaka, kuna mtu kaweka mwaka mzima. Ila nina nyingine kali kuliko ile, andaa ile 20 twende."

Nikamuuliza nakala ya NIDA yangu iko kwa nani. Akakata simu.

Na asije mtu hapa na "ndiyo mjini hapo". Anayetafutiwa mpangaji ni mwenye nyumba, basi yeye ndiye amlipe dalali wake. Kwa nini anilie mimi hela ya kutazama ukuta wenye chumvi?

Kama wewe ni mwenye nyumba, una sehemu kuanzia Kijitonyama mpaka Mwenge na unakubali miezi mitatu mitatu, njoo PM. Nakuja kuona leoleo. Dalali ukijichanganya ukaja, nakublock palepale.