Nitaihakiki vipi gemu mbovu ninayoipenda?

Siafu wa Lanet (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Nina swali lililonikaa kooni kwa wiki mbili sasa, na nimeona heri nilitoe hapa, kwa kuwa najua humu wamo wanaoandika tahakiki za gemu na wamo wanaopata riziki kwa kuwachezesha watu.

Huwa naandika tahakiki fupi za Kiswahili kwa ajili ya vijana wa mtaani kwetu wanaonunua mitambo ya mtumba ya kuchezea gemu. Safari hii nimechagua Earth Defense Force 2017, gemu ya Xbox 360 iliyotengenezwa na studio ya Sandlot ya Japani na kutoka huko mwaka wa 2006. Hiyo 2017 ya kwenye jina ni mwaka ambao hadithi yenyewe inatokea. Mimi na mdogo wangu tumeicheza karibu kila jioni tangu shule zifungwe, kila mmoja na nusu yake ya skrini, na kelele zetu zimewahi kumtoa mama jikoni mara mbili akidhani tunapigana.

Shida ni kwamba gemu hii ni mbovu, na ubovu wake hautafutwi kwa tochi. Siafu wenye ukubwa wa matatu wanamiminika barabarani kwa makumi, unafyatua roketi moja, ghorofa zima linaporomoka, na papo hapo picha inaanza kujikokota kama punda aliyebebeshwa mitungi ya maji. Kifaru cha vita hakigeuki unapotaka kigeuke, na helikopta sitaki hata kuizungumzia. Kuna jambo jingine: silaha mpya na masanduku ya kuongeza uhai hayaji yenyewe, ni lazima uyafuate kwa miguu pale adui alipofia, na misheni hukatika pindi adui wa mwisho anapokufa. Kwa hiyo imetubidi tuwe na desturi ya kumwacha siafu mmoja hai. Mdogo wangu anamkimbia siafu huyo mitaani mle ndani ya gemu, naye siafu anamfuata kona kwa kona, huku mimi nikizunguka kuokota masanduku kama mtu aokotaye maembe baada ya upepo.

Nilimpa rafiki yangu rasimu aisome. Akaniambia kwamba nimeorodhesha kasoro tisa kisha nikamaliza kwa kuwashauri watu wainunue, hivyo lazima nimedanganya mahali fulani: ama kasoro zile si kasoro, ama raha ile si raha. Sikuwa na jibu. Naomba mnisaidie: mhakiki aandikeje kuhusu gemu ya namna hii bila kuificha kasoro wala kuionea haya furaha yake? Na alama kwa kumi nitoe ngapi, au niache kabisa?

Pedi Nne (Kondele, Kisumu)

Ndugu wa Lanet, mimi si mwandishi, ila nimekuwa na ukumbi wa gemu hapa Kondele kwa miaka mingi, na wateja wangu huhakiki kwa sarafu: gemu isiyowafaa hawailipii mara ya pili.

Nilianza na PlayStation 2 mbili na PES 6, gemu ya mpira wa miguu ya kampuni ya Konami. Mnaoikumbuka mnajua kwamba Chelsea haikuwemo kwa jina lake, kwa sababu Konami hawakuwa na leseni, ikaitwa London FC. Mteja mgeni akiuliza Chelsea iko wapi, watoto walimjibu kwa sauti moja, “London FC!”, kana kwamba ndilo jina lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa. Kisha kulikuwa na Adriano wa Inter, aliyepewa 99 katika nguvu za shuti. Akipata nafasi hatua thelathini kutoka golini, kipa ni kama mtu anayepunga mkono kuaga. Hiyo ni kasoro, hakuna ubishi. Ila katika ukumbi wangu wachezaji walikaa wakatunga sheria: atakayechukua Inter haruhusiwi kupiga na Adriano kutoka nje ya boksi, na akisahau, goli halihesabiwi. Sheria hiyo ilidumu kuliko hata zile pedi za kuchezea.

Sasa linganisha na hili. Hivi karibuni, kwenye gemu nyingine ya mpira ambayo sitaitaja, mechi iliganda dakika ya 86 mteja mmoja akiongoza 2–1. Kwangu anayeshindwa ndiye anayelipa. Huyu akasema ameshinda, yule akasema mechi haijaisha, na wote wawili walikuwa na haki. Nililipa mimi, yaani niliwapa mechi nyingine ya bure, na bado yule aliyekuwa akiongoza aliondoka amenuna.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mpaka. Kasoro inayojulikana, inayompata kila mtu kwa kipimo kimoja, watu huizoea wakaifanya sehemu ya mchezo, kama mpira wa uwanja wenye mteremko ambapo timu hubadilishana upande. Kasoro inayomvizia mmoja na kumwacha mwingine ni wizi, na mhakiki asiionee huruma. Siafu wenu wa mwisho ni mteremko wa uwanja. Andika hivyo.

Nikuonye jambo moja tu: usichanganye gemu inayochekesha na gemu inayochezeka. eFootball 2022, gemu ya mpira ya Konami hao hao, ilipotoka tarehe 30 Septemba 2021, bure, nyuso za wachezaji zilikuwa zimepinda kiasi kwamba dunia nzima ilicheka na Konami wakaomba radhi. Nasi tulicheka, siku mbili. Siku ya tatu vijana waliniomba niwarudishie ile ya zamani.

Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)

Nimeupenda mfano wa uwanja wenye mteremko, nami nitauazima darasani. Hata hivyo, nadhani tatizo la ndugu yetu liko kwenye kiunganishi. Ameandika kasoro, akaweka “lakini”, kisha akaandika raha. Neno “lakini” linazitenga mbili hizo na kumfanya msomaji aamini kwamba raha imepatikana licha ya kasoro. Mara nyingi ukichunguza unakuta kwamba raha imepatikana kwa sababu yake, au kwamba vyote viwili vimetoka katika uamuzi mmoja wa mtengenezaji.

Chukua God Hand, gemu ya PlayStation 2 iliyotengenezwa na Clover Studio chini ya Capcom mwaka wa 2006. Kamera imebanwa mgongoni mwa mpiganaji, huoni aliye nyuma yako, na una rada ndogo tu ya kukuonyesha wako wangapi na wako wapi. Tovuti ya tahakiki ya IGN iliipa 3 kwa 10. Mimi niliichukia kwa saa nzima ya kwanza. Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa nimeanza kurudi nyuma kabla ya kupiga, kumvuta adui mmoja ajitenge na wenzake, na kuitazama rada kama dereva anayetazama kioo cha pembeni. Kamera ile ndiyo iliyonifundisha. Mhakiki aliyeilalamikia hakukosea. Ilikuwa inakera kweli. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliandika kero hiyo ni nini, mimi ningeandika inafanya nini.

Mfano ulio wazi zaidi ni Deadly Premonition ya 2010, ambayo IGN iliipa 2 kwa 10 na tovuti nyingine, Destructoid, ikaipa 10 kwa 10, hata ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa jinsi ilivyowagawanya wahakiki. Aliyetoa 10 hakukana kwamba mapigano ni mazito na picha ni za kizamani. Wote wawili waliona gari lile lile lisiloendesheka. Ila mmoja alihesabu gari, na mwingine akawa anamsikiliza York, yule mpelelezi aliye usukanini, akipiga soga peke yake na mtu asiyeonekana.

Kuhusu alama, mimi ningeziacha. Nambari ina safari zake ambazo mwandishi hazijui. Mwaka wa 2012, Chris Avellone wa Obsidian, studio iliyotengeneza gemu ya Fallout: New Vegas, alieleza kwamba wangelipwa bonasi kama gemu hiyo ingefikisha 85 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani. Ilipata 84.

Stima Imepotea (Bungoma)

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo mnaelekea kusamehe kila kitu. Mkishaanza kusema kwamba kila kero ina falsafa yake, mtengenezaji mvivu atalala usingizi mnono, na kijana aliyeweka akiba miezi mitatu ndiye atakayebaki na diski isiyomfaa.

Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, wahakiki wengi walikuwa wamepewa mapema ile ya kompyuta, na sifa zikamiminwa. Walionunua ya PlayStation 4 walikuta gemu inayozimika na watu wasio na sura kamili barabarani. Haikupita hata siku kumi, Sony, wenye PlayStation, wakaiondoa katika duka lao, na haikurudi hadi Juni 2021. Zile tahakiki hazikuwa za uongo. Zilikuwa za mtambo mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kutuambia ulicheka kiasi gani, tuambie ulichezea mtambo gani, toleo gani, na kama ni lazima kupakua marekebisho ya makumi ya gigabaiti ndipo gemu isimame. Wengi wetu huku tunanunua data kwa shilingi za kuhesabu.

Kuna kipimo kingine ambacho sijawahi kukiona katika tahakiki yoyote ya kigeni, nacho ni hiki: stima ikipotea, napoteza nini? Kuna gemu nzuri sana, zenye sifa dunia nzima, ambazo huhifadhi mahali ulipofika pale zinapotaka zenyewe. Nimewahi kupigana na jitu moja dakika arobaini, likabakiwa na uhai wa kidole kimoja, taa zikazimika mtaa mzima. Jirani yangu alidhani nimefiwa. Gemu mbovu yenye misheni fupi, kwa mkazi wa hapa, huenda ikawa bora kuliko hiyo ya sifa. Ndugu wa Lanet, yako ikoje?

Siafu wa Lanet (Nakuru)

Nawashukuru nyote. Stima Imepotea, misheni zake zipo 53 na nyingi ni fupi. Stima ikipotea, unarudia ile moja uliyokuwa unaicheza. Hilo sikuwa nimeliandika kabisa, na sasa naona ndiyo sababu mojawapo ya sisi kuicheza gemu hii jioni, saa ambazo stima ya mtaani kwetu haina msimamo.

Alama nimeziondoa. Orodha ya kasoro tisa nimeichana pia, nikaanza upya hivi:

“Nimeicheza kwenye Xbox 360 ya mtumba, wachezaji wawili, bila intaneti. Roketi inapoangusha jengo juu ya siafu ishirini, mtambo unazidiwa na picha inakwenda polepole. Kwa kuwa hutokea pale tu mlipuko unapokuwa mkubwa, utazoea kuungoja, kwani ndipo unapoona miguu ya siafu ikiruka mmoja mmoja hewani. Ukicheza peke yako utachoka mapema, na kazi ya kuokota masanduku itakuwa adhabu. Mkiwa wawili, mmoja huwa chambo.”

Helikopta nimeiacha vilevile: haiendesheki, na sikupata raha yoyote ndani yake.

Pedi Nne (Kondele, Kisumu)

Hapo sasa nimekusoma hadi mwisho. Swali moja tu, kwa sababu kwangu lingezua kesi: kati yako na mdogo wako, ni nani anayeamua siafu wa mwisho auawe lini?

Siafu wa Lanet (Nakuru)

Aliye chambo. Jana alikimbizwa robo saa nzima nikitafuta sanduku moja lililoangukia nyuma ya daraja, akachoka, akageuka akampiga siafu risasi bila kuniambia. Hatujazungumza hadi asubuhi.