Eti "mama, weka chai kwanza"!!! Nitampiga mtu spana mimi

Wanajamvi, ovaroli sijavua, grisi iko hadi kwa simu, naandika hivyo hivyo. Mnamjua. Yule bosi wa gereji ya huku kwetu Nakuru, anayepima oili kwa kunusa kama mganga. Leo ameniambia "mama, weka chai kwanza." Mbele ya kastoma! Na mimi nimekumbatia giaboksi ya Canter kama mtoto wa kubatizwa!

Nina cheti cha ufundi cha NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya kwanza. Yeye cheti chake ni cha ubatizo. Kijana niliyemfundisha mwenyewe, juzi tu alikuwa anakaza nati akidhani anafungua, asubuhi hii amefanywa msimamizi. 1,200 kwa siku. Mimi 700. Kuuliza mbona, najibiwa "yule ana familia ya kulisha." Kijana ana miaka 22, anakula kwa mamake, familia yake ni simu! Mimi nina watoto wawili Kaptembwo na karo inanitafuta kama polisi. Halafu kabla sijafunga mdomo: "mama, weka chai kwanza." CHAI! Baada ya miaka 9!

Bondeni_Original: Uliweka ama hukuweka?

Mwenye uzi: Niliweka. Ya chumvi.

Karani_Mstaafu: Dada, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5: kazi yenye thamani sawa, malipo sawa. Claudia Goldin wa Marekani alipewa Nobeli ya uchumi 2023 kwa kufukua rekodi za miaka 200 za mambo haya haya. Anaonyesha pengo la mshahara hupanuka mtoto wa kwanza akizaliwa.

Bondeni_Original: Yeye hajawahi kuwekewa chumvi.

Viatu_Namba_11: Mnalilia chai? Mimi mwanamume, nina diploma ya ualimu wa chekechea. Nimeitwa usaili Kisumu mara tatu. Wa mwisho akaangalia viatu vyangu, akasema watoto watalia. Ningeomba ubawabu ningeanza siku hiyo hiyo.

Nyar_Kondele: Mwalimu, hata mimi ningelia. Lakini kwetu ng'ombe aliuzwa kaka aende chuo, mimi na B yangu nikaambiwa nitaolewa tu. Kaka akaacha chuo muhula wa pili. Sasa mwisho wa mwezi anaomba mpesa kwa nani? Kwa yule wa kuolewa.

Bondeni_Original: Ng'ombe alikuwa wa gredi ama wa kienyeji?

Nyar_Kondele: Wa gredi. Lita 15 kwa siku.

Viatu_Namba_11: Lita 15 mkauza?? Nyinyi nanyi!

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwa chai.

Probox_ya_Njoro: Samahani kuingilia. Gari langu likipata moto gia ya tatu inakataa, likiwa baridi inaingia sawa.

Mwenye uzi: Angalia oili ya giaboksi kwanza, halafu kama klachi inaachia yote. Usiilazimishe, utakula meno. Lete Jumapili, nitakuwa nyumbani, si kwa yule.

Bondeni_Original: Lakini huyo ng'ombe aliuzwa ngapi?