Ulinganisho: meli kubwa ya kitalii, meli ya mtoni au kivuko cha usiku kwa mtoto wa miezi 8 na wa miaka miwili na nusu?

MamaWawili

Wadau, habari zenu. Naomba mnisaidie kulinganisha, maana nyumbani tumegawanyika. Tunataka mapumziko ya majini familia nzima: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wawili. Siku ya kupanda chombo mdogo atakuwa na miezi 8, bado ananyonya na ameshaanza vyakula laini. Mkubwa ana miaka miwili na nusu, hakuna kiti asichokipanda, na bado anavaa nepi.

Njia tunazozipima ni tatu. Kwanza, meli kubwa ya kitalii kwa siku saba, yenye mabwawa, chumba cha kulelea watoto na kila kitu humohumo. Pili, meli ndogo ya mtoni. Hii mume wangu anaipenda kwa sababu nchi kavu inaonekana muda wote. Tatu, kivuko kikubwa cha usiku chenye vyumba vya kulala: tunalala usiku mmoja, tunakaa mjini siku mbili, tunarudi kwa njia hiyohiyo.

Bei nimeshazipitia, sio swali langu. Nataka kujua ipi ni salama kwa watoto wa umri huu, na ipi itatuacha na sisi wakubwa tupumue.

Upepo_wa_Kusi

Dada, ya mtoni iondoe mapema usije ukapoteza muda. Kampuni nyingi za mitoni hazichukui watoto wadogo kabisa. Viking wanataka abiria awe na miaka 18 na kuendelea, AmaWaterways wanaanzia miaka 4. Hata ukipata wanaokubali, meli zile zimejengwa kwa ajili ya watu wazima: hakuna chumba cha michezo, na mara nyingi hakuna daktari. Shemeji yuko sahihi kwamba nchi kavu iko karibu, ila mtoto wa miaka miwili na nusu kwenye sitaha ndogo isiyo na pa kukimbilia ni kazi ya kumshika mkono kutwa nzima.

Baharia_wa_Zamani

Nakubaliana na aliyetangulia. Naomba niongeze mambo ambayo watu hawaulizi wakati wa kukata tiketi.

Umri. Kampuni nyingi za meli kubwa zinataka mtoto awe ametimiza miezi 6, na kinachohesabiwa ni siku ya kupanda, sio siku ya kulipia. Kwa safari za kuvuka bahari, au zenye siku tatu au zaidi mfululizo bila kufika bandarini, wengi wanapandisha hadi miezi 12. Kwa hiyo mdogo wako wa miezi 8 anaruhusiwa safari moja na kukataliwa nyingine ndani ya meli ileile. Soma masharti ya safari yenyewe, usitosheke na ukurasa wa jumla.

Daktari. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unataka chombo chenye watu 100 au zaidi, kinachofanya safari za kimataifa za zaidi ya siku tatu, kiwe na daktari aliyefuzu. Meli yako ya siku saba inaingia humo. Kivuko cha usiku mmoja hakiingii, kwa hiyo unaweza kukuta mhudumu wa huduma ya kwanza tu. Lakini upime na upande wa pili: kivuko kinafika bandarini asubuhi, hospitali zipo. Meli kubwa ikiwa katikati ya bahari, daktari yule ndiye pekee uliyenaye, na kwa kawaida si bingwa wa watoto. Bima ya safari inayolipia kuhamishwa mgonjwa kutoka baharini ni ya lazima, na watoto waandikwe humo kwa majina yao.

Mimi nikipewa meli mbili zinazofanana, nachagua ile inayotia nanga kila siku, hata kama nyingine ni nzuri zaidi. Mtoto mchanga akiugua, cha maana ni saa ngapi zimebaki kufika nchi kavu.

BabaPacha

Mimi niko upande wa meli kubwa, na nina sababu. Wengi mnaangalia hatari peke yake. Mzazi aliyechoka naye ni hatari kwa mtoto. Meli kubwa ndiyo pekee inayokupa mtu mwingine wa kushika zamu.

Ila hapo ndipo zinapotofautiana sana, dada. Vilabu vingi vya watoto vinaanza miaka 3 na vinataka mtoto awe ameshaacha nepi. Huyo mkubwa wako hapokelewi. Unachotafuta ni chumba cha kulelea wachanga. Disney wanacho, kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, unalipa kwa saa na nafasi zinawahiwa. Royal Caribbean wanacho kwa miezi 6 hadi 36, ila sio kwenye meli zao zote. P&O ya Uingereza wana chumba cha kulaza watoto usiku bila malipo ya ziada kwenye meli zao za familia, kwa hiyo mnaweza kula chakula cha jioni kwa utulivu huku watoto wamelala chini ya uangalizi. Carnival klabu yao inaanzia miaka 2. Norwegian wana chumba cha michezo cha wadogo, lakini mzazi anakaa na mtoto wake humo ndani muda wote. Ni pazuri, ila haliwi pumziko.

Kwa hiyo usiulize "je, mna sehemu ya watoto?" Kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza: mtoto wa miezi 8 mnampokea bila mzazi, saa ngapi hadi saa ngapi, na nani anambadilisha nepi?

MamaWawili

Kaka, nashukuru sana, umenifungua macho. Na mabwawa je? Kuna nepi maalumu za kuogelea, zinakubalika?

BabaPacha

Kwenye meli zinazofika bandari za Marekani, hapana. Kanuni za afya za huko haziruhusu mtoto ambaye hajaacha nepi kuingia bwawani, hata akivaa hiyo ya kuogelea. Bwawa lote linaweza kufungwa kwa sababu ya mtoto mmoja. Meli chache zina sehemu ya maji ya kurukaruka iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye nepi tu, yenye mfumo wake wa kusafisha maji. Baadhi ya Royal Caribbean na Disney wanazo. Kampuni nyingi huweka sharti hilohilo hata kwenye safari za bahari nyingine.

Pia meli nyingi hazina waokoaji bwawani. Disney, Royal Caribbean na Norwegian wanao, na hata kwao mzazi ndiye mlinzi wa kwanza. Mtoto anazama kimya, hapigi kelele. Umbali wa mkono wako, sio umbali wa macho.

Nesi_wa_Watoto

Mama, mimi nazungumzia afya peke yake, ya meli nawaachia wenzangu.

Kinachosumbua watoto zaidi melini ni kuhara na kutapika kwa kirusi cha noro. Kinaenea haraka mahali watu wengi wanaposhika vitu vilevile, na watoto wanaotia kila kitu mdomoni ndio wa kwanza kukipata. Zile dawa za kupaka mikono zenye spiriti haziui noro vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka, kila mara kabla ya kumlisha na kila baada ya kumbadilisha. Vichezeo vya pamoja vya chumba cha michezo osha kabla mtoto hajapewa, au nenda na vyake. Kwenye meza ya chakula cha kujipakulia, mtu mzima mmoja apakue na mwingine abaki na watoto, wasishike miiko ya wote.

Akianza kuharisha, endelea kumnyonyesha, mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Beba pakiti za ORS (chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa kwa anayeharisha) kutoka nyumbani. Mpeleke kwa daktari bila kungoja ukiona nepi imekaa kavu saa sita au zaidi, analia bila machozi, utosi umebonyea, au amelegea hataki kunyonya. Mtoto wa miezi 8 anaishiwa maji mwilini upesi mno.

Chanjo. Nchi nyingi zinatoa ya surua kwenye miezi 9 au 12. Kwa mtoto anayesafiri nje ya nchi akiwa na miezi 6 hadi 11, wataalamu wa Marekani wanashauri dozi moja ya mapema, kisha zile mbili za kawaida zinafuata baada ya kutimiza mwaka. Zungumza na kliniki yako wiki kadhaa kabla, sio siku mbili. Na kama bandari yoyote iko kwenye ukanda wa homa ya manjano, ujue chanjo yake kwa kawaida inaanza miezi 9, mdogo wako hatakuwa ameifikia. Hapo ningebadilisha safari.

Chombo kikienda mrama: walio chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa, wanaoteseka zaidi ni wa miaka 2 hadi 12. Kwa hiyo angalia mkubwa kuliko mdogo. Chumba cha katikati ya meli na sitaha za chini kinatikisika kidogo kuliko cha omo (mbele), tezi (nyuma) au juu. Dawa za kichefuchefu za watu wazima usimpe, na ile plasta ya kubandika nyuma ya sikio kamwe usimbandike mtoto.

Kulala. Omba kitanda cha mtoto mapema kwa maandishi, huwa ni vichache. Mdogo alale chali, godoro gumu lililo bapa, bila mto wala blanketi zito. Kitanda cha wakubwa melini ni chembamba na kimebanwa na ukuta, kuna mwanya wa mtoto kunasa. Kama anatumia maziwa ya kopo, beba ya safari nzima na akiba, duka la melini usilitegemee. Birika la umeme meli nyingi haziruhusu chumbani, basi uliza mapema maji yaliyochemka utayapata wapi usiku wa manane, kwa sababu maziwa ya unga yanatakiwa kuchanganywa na maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapozwe.

Bibi_Mlezi

Wanangu, mbona hakuna aliyetaja roshani? Mimi nalea wajukuu na nasema wazi: mtoto wa miaka miwili na nusu anayepanda viti, chumba chenye roshani hapana.

BabaPacha

Bibi, shikamoo. Hapo naomba tutofautiane kwa heshima. Watoto wakilala saa moja jioni, kwenye chumba cha ndani wazazi wanakaa gizani kama wafungwa. Roshani inawapa pa kukaa. Reli zina urefu wa mita moja au zaidi, na mlango ni mzito, mtoto hauwezi.

Bibi_Mlezi

Marahaba mwanangu. Mlango mzito leo hauwezi, kesho kuna mkubwa ameuacha wazi akichukua taulo. Na reli ya mita moja ni ndefu mpaka mtoto aburute kiti. Kiti kiko pale pale roshani.

Baharia_wa_Zamani

Bibi ana haki. Kwa umri huo mimi ningechukua chumba chenye dirisha lisilofunguka: mwanga upo, hatari haipo. Wakichukua roshani, wamwombe mhudumu aondoe viti na meza zote siku ya kwanza, na mlango ufungwe kwa kitasa cha juu kila wanapoingia ndani.

Chumba chochote watakachopata, mama akague akiwa amepiga magoti, kwa urefu wa mtoto. Milango ya melini inajifunga yenyewe kwa nguvu, inakata vidole. Mlango wa bafu una kizingiti, anayejifunza kutembea anaangukia uso.

Pwani_hadi_Pwani

Nimewasoma wote, na sijaona aliyekitetea kivuko. Nitakitetea mimi.

Chukulia vile vya bahari ya Baltiki, Stockholm hadi Helsinki. Unapanda jioni, unashuka asubuhi. Sehemu ya njia inapita katikati ya visiwa vingi, na hapo maji huwa yametulia. Vyumba vya michezo vya wadogo vipo. Na kubwa kuliko yote, unaingia na gari lako, kiti cha mtoto kimefungwa humo humo. Wenzangu wa meli kubwa, mkishuka bandarini mnapanda teksi ya aina gani? Teksi nyingi hazina viti vya watoto, na mtoto anapakatwa barabarani nchi ya ugenini. Hiyo kwangu ni hatari kubwa kuliko mawimbi.

Jambo moja la kukumbuka: sitaha ya magari inafungwa chombo kikiwa safarini. Nepi, dawa, chakula, nguo za kubadilisha, vyote vipande juu na nyinyi mara ya kwanza.

Na dada, fikiria hili. Mabwawa ya meli kubwa watoto wako wote wawili hawaruhusiwi. Vilabu vingi vya watoto mkubwa hapokelewi. Mtalipia siku saba za vitu ambavyo familia yenu haiwezi kuvitumia mwaka huu. Mkubwa akishaacha nepi na kufika miaka 3 na kitu, meli ileile itakuwa kitu kingine kabisa.

Upepo_wa_Kusi

Hoja ya gari imenishinda. Naunga mkono kivuko.

BabaPacha

Hoja nzuri, nakubali kuhusu bwawa. Ila wakipata ile yenye chumba cha kulaza watoto usiku na bandari kila siku, bado naiweka ya kwanza. Mama mkwe atakuwepo, lakini naye amekuja kupumzika, sio kulea wiki nzima.

MamaWawili

Asanteni nyote kutoka moyoni. Mume wangu amesoma uzi wote, mto ameuacha mwenyewe. Mama mkwe amesimama na Bibi kuhusu roshani. Tumeamua kivuko mwaka huu, chumba chenye dirisha, na meli kubwa tuisubiri mkubwa afike miaka 3 na nusu. Limebaki moja: jaketi okozi za wachanga tubebe zetu, au zipo?

Baharia_wa_Zamani

Zipo, lakini uliza. Sheria ya kimataifa ya usalama baharini inataka chombo cha safari ya saa 24 au zaidi kiwe na jaketi ya mchanga kwa kila mchanga aliyemo. Kwa safari ya chini ya saa 24, kama kivuko chako, kiwango cha chini ni asilimia 2.5 ya abiria. Chombo cha abiria 2,000 kinaweza kuwa na 50 tu, na msimu wa likizo wachanga ni wengi.

Ya mchanga ni ya walio chini ya kilo 15, ya mtoto ni kilo 15 hadi 43. Huyo mkubwa wako mpime nyumbani, anaweza kuwa kwenye mpaka. Mkipanda tu, kabla ya kufungua mizigo, mume aende mapokezi ataje uzito wa wote wawili, aonyeshwe zilipo na mlango wa kutokea ulio karibu na chumba chenu. Mwanga na filimbi viwepo kwenye kila jaketi. Wajaribishe watoto siku hiyohiyo wakiwa wameshiba na hawana usingizi. Kisha pangeni nani anambeba nani, mama mkwe asipewe mtoto wa kubeba ngazini.